Kuta za Chala

Kasigau hauna vilima vya kukuandaa. Ukiwa Rukanga nyika ni tambarare, miiba na udongo mwekundu hadi macho yachoke, kisha mwamba unasimama wima mbele yako na kupanda mpaka mita 1,641 juu ya usawa wa bahari. Mawe yake ni ya gnaisi, yaliyokandamizwa na kupikwa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kushikana. Kilichokuwa juu yake kimeshaliwa na mvua na upepo, na sisi tunatazama mizizi ya milima ambayo hakuna kiumbe mwenye macho aliyewahi kuiona ikiwa mizima. Kasigau ni wa ukoo mmoja na Milima ya Taita, Upare, Usambara na kuendelea hadi Udzungwa, safu ambayo wataalamu huiita Tao la Mashariki.

Watu wa Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na Kiteghe wanaujua mlima huu kwa jambo jingine: unatoa maji. Ukungu wa Bahari ya Hindi hugonga kilele, msitu wa juu huukamata, matone huingia kwenye nyufa za mwamba na kutokea chini kama chemchemi, na mabomba huyashusha hadi vijijini. Nyika iliyouzunguka mlima inaweza kukaa miezi bila tone. Mtoto aliyekulia hapa anajua mapema kwamba maji yanaweza kutoka kwenye jiwe, na kwamba mahali yanapotokea si mahali yalipoanzia.

Ninaanzia Rukanga kwa sababu sura hii inahusu ukuta mwingine wa kaunti hiihii ya Taita Taveta, ukuta mchanga mno ukilinganishwa na Kasigau, na maji yaliyofungiwa ndani yake. Naliongelea Ziwa Chala, kaskazini ya mji wa Taveta, mpakani na Tanzania. Kati ya safari zote za majini ambazo mtu anaweza kuzifanya katika nchi hii ili kuona jinsi dunia ilivyoumbwa, sijui nyingine inayoizidi ile ya kulizunguka Chala kwa mtumbwi, chini ya kuta zake.

Kwingineko duniani watu husafiri mbali kwa ajili ya jambo kama hili. Kule Norway meli hujaa wageni wanaotaka kupita kwenye fiodi, yaani ghuba nyembamba na ndefu za bahari zilizobanwa na milima pande zote mbili. Sognefjord inaingia bara kwa zaidi ya kilomita 200, na kina chake kinapita mita 1,300. Geirangerfjord na Nærøyfjord ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Kazi ile ilifanywa na barafu. Mito ya barafu yenye unene wa mamia ya mita ilishuka polepole kutoka milimani ikikwangua mabonde, ikayapa kuta za wima na sakafu pana, na ilipoyeyuka bahari ikaingia.

Pwani yetu haina fiodi, ingawa ina vitu vinavyokaribia. Mlango wa Kilindini na ghuba ya Tudor, pale Mombasa, ni mabonde ya mito yaliyozama. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yakiwa yamefungwa kwenye barafu, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, na mito ikachimba njia yake kuifuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi ikajaza mabonde hayo, na meli za leo zinatia nanga juu ya njia za mito ile. Kule Oman, kwenye Rasi ya Musandam, majahazi ya Khasab huwapitisha watalii katika Khor ash Sham, kati ya majabali makavu ya chokaa, na watembezaji huiita fiodi ya Uarabuni. Hakuna barafu iliyowahi kupita pale. Bamba la Arabia linasukumwa chini ya lile la upande wa Iran, rasi inadidimia, na bahari inaingia mabondeni. Anayetaka bonde lililochongwa na barafu kwelikweli lazima apande Mlima Kenya hadi Bonde la Gorges, ambako Ziwa Michaelson limelala chini ya majabali ambayo mtu wa Norway angeyatambua mara moja. Barafu tunayo, mabonde yaliyozama tunayo, lakini havikukutana.

Chala ilichongwa na moto. Hata hivyo, kwa aliye ndani ya mtumbwi, mambo mengi yanayoifanya fiodi iwe fiodi yapo: kuta, kina, utulivu, na kumbukumbu iliyolala sakafuni.

Njia ya kutoka Rukanga inapita Maungu na Voi, kisha inageuka magharibi kuelekea Mwatate, Bura na Maktau. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110. Anayetazama dirishani anavuka mipaka miwili ya miamba bila mtu kumwambia. Kwanza ni nchi ya mawe ya kale, ileile ya Kasigau, ambayo ndani yake wachimbaji hutafuta vito. Huku ndiko Campbell Bridges alikokuta, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lile jiwe la kijani ambalo kampuni ya Tiffany ililiita tsavoraiti mwaka 1974. Baada ya Maktau, barabara ikikata Hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kilimanjaro hujitokeza mbele kama asubuhi ni safi. Taratibu udongo mwekundu unaachia mawe meusi. Ukifika Taveta unakanyaga kazi ya volkeno ambayo, mbele ya umri wa Kasigau, ni ya jana.

Ukingo wa Chala haujitangazi. Kutoka mbali unaona kilima kirefu chenye nyasi na vichaka, na unakipanda bila kutarajia lolote. Juu kabisa ardhi inakatika. Maji yako chini, kwa mahali pengine hadi mita 170 chini, duara lisilotimia vizuri lenye eneo la kilomita za mraba 4.2, na rangi yake hubadilika kati ya buluu nzito na kijani kadiri ya jua na majira. Mstari wa mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji hayo. Ukutani umeshuka mti mmoja mmoja, na karibu na maji kuna mkanda wa miti inayobaki kijani mwaka mzima, maana mizizi yake imeshapata ilichokuwa ikitafuta.

Kushuka ni kwa miguu, kwa njia nyembamba yenye changarawe zinazoteleza. Chini, mvuvi mmoja mtu mzima alikuwa akikung'uta nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ukiingia kwenye chombo, mikono yako ikae ndani."

Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Mwaka 2002 mtalii kijana kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea Chala, na tangu hapo habari za kwamba mamba wameisha zimesemwa mara nyingi na kukanushwa mara nyingi. Mimi namsikiliza anayevua hapo kila siku. Chala ni ya kutazamwa ukiwa umekaa, umevaa jaketi la kuokolea, tena asubuhi kabla upepo haujaamka.

Ukiwa juu ya maji unaweza kukisogeza chombo mpaka kafi iguse ukuta. Hapo ndipo safari inapoanza kuwa na maana, kwa sababu kutoka juu ukuta ni rangi tu. Karibu, unaona kwamba umejengwa kwa tabaka. Kuna majivu ya volkeno yaliyoshikana yakawa jiwe, na ndani ya majivu hayo chokaa iliyogandisha kila kitu pamoja. Katikati yake vimekwama vipande vya lava nyeusi, vingine kama ngumi, vingine vikubwa kuliko mtumbwi, vyenye kingo kali. Kingo kali ni ushahidi. Jiwe lililoburutwa na mto huwa limelainishwa, bali hili halikusafiri na maji: lilivunjwa kwa kishindo, likarushwa, likaanguka kwenye majivu yaliyokuwa bado moto. Ukipitisha kidole juu ya lava unahisi matundu madogomadogo. Yale yalikuwa mapovu ya gesi, na jiwe liliganda kabla hayajapata nafasi ya kutoka. Jambo lililotokea kwa dakika chache limebaki pale kwa muda unaokaribia robo ya miaka milioni.

Chala ni tundu la pembeni la Kilimanjaro. Mlima ule una vilele vitatu vikuu, Shira, Mawenzi na Kibo chenye mita 5,895, lakini mgongoni mwake na ubavuni kuna vilima vingi vidogo ambako moto ulitafuta njia ya kutokea. Vingi viliacha vichuguu vya majivu. Hapa mlipuko uliacha shimo, na shimo likafika chini kuliko maji yanayotembea ardhini, hivyo likajaa.

Simulizi za zamani za watu wa huku zinasema palikuwa na kijiji mahali hapa, kikazama na watu wake na ng'ombe wake. Sidhani kama zinastahili kupuuzwa kwa kuwa tarehe hazilingani. Waliozitunga walitazama ukuta uleule tunaoutazama, wakaelewa kwamba hapa ardhi iliwahi kufunguka ghafla. Hilo ndilo jiolojia inalosema pia.

Mwaka 1871 mmisionari Charles New, aliyekuwa na kituo chake Ribe karibu na Mombasa, alipita huku akienda Kilimanjaro na akaliona ziwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1891, alikuja Mmarekani May French-Sheldon na msafara wa wapagazi wengi wao wakiwa wa Zanzibar na Mombasa, watu waliompa jina la Bibi Bwana. Yeye hakutosheka na kutazama kutoka juu. Alitaka kulizunguka ziwa majini, na akalizunguka, kwa chombo kidogo cha kuelea. Alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1892, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kukubaliwa katika Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza. Mimi huwaza zaidi waliokibeba chombo kile. Mtu akishuka leo mikono mitupu, akishikilia mizizi, anaweza kukadiria ilikuwa kazi gani kushusha chombo kizima kwenye genge lile, na majina yao hayakupata chama cha kuyaandika.

Robo karne baada ya hapo kingo hizi zilikuwa uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza. Taveta ilikuwa imeshikwa na Wajerumani tangu 1914, Waingereza walishindwa kwenye kilima cha Salaita mnamo Februari 1916, na mwezi uliofuata jeshi lao chini ya Jenerali Smuts lilizunguka kwa upande wa kaskazini na kuzitwaa kingo za Chala kabla ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata. Nalitaja kwa haraka, kwa kuwa vitabu vya vita hiyo vipo vya kutosha. Vitabu vya maji ya Chala ni vichache, na mambo yake ni makubwa zaidi.

Kwanza, hesabu. Mvua inayonyesha ziwani ni takriban milimita 600 kwa mwaka. Jua na upepo huvukiza takriban milimita 1,700. Hakuna mto wa kudumu unaoingia. Kwa hiyo kila mwaka Chala inapaswa kupungua kwa zaidi ya mita moja, na kwa kina chake cha mita 90 na kidogo, mtoto aliyezaliwa kando yake leo angeweza kuzeeka akaliona limekauka. Halikauki. Kinacholishikilia ni maji yanayoingia chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, na watafiti wanakadiria kwamba kama asilimia 80 ya yote yanayoingia ziwani yanapita njia hiyo isiyoonekana.

Pili, maji hayo ni matamu. Ziwa lisilo na mto wa kutokea kwa kawaida huwa chumvi, kwa sababu maji huondoka kwa mvuke na chumvi hubaki, mwaka baada ya mwaka, mpaka unapata Magadi au Natron. Chala haina mto wa kutokea na bado inanyweka. Maelezo ni kwamba ina mlango wa nyuma. Maji mengi yanatoka chini kwa chini pia, yakibeba chumvi yake. Unapokaa kwenye mtumbwi katikati ya ziwa lililotulia kabisa, ulichokalia ni maji yaliyo safarini, yakiingia kwa ukuta mmoja na kutoka kwa mwingine, bila kutikisa hata jani lililoelea.

Yanakwenda wapi? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba chemchemi zinazonywesha mashamba ya Taveta hutoka moja kwa moja Chala, maana ziko karibu na ziko chini yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1970 ulitumia njia nzuri ya kupima wazo hilo. Maji si yote yenye uzito sawa. Chembe chache zina hidrojeni au oksijeni nzito kidogo, na jua linapovukiza ziwa, chembe nyepesi hutangulia kuondoka, nzito hubaki nyuma. Maji yaliyokaa juani miaka mingi hubeba alama hiyo popote yaendapo. Chala ina alama hiyo wazi. Chemchemi za jirani zilipopimwa, zilikuwa karibu hazina. Zinakunywa kutoka mlima uleule unaoinywesha Chala, lakini kwa njia zake zenyewe.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu theluji. Kila anayeshuka Chala asubuhi isiyo na mawingu huona weupe wa Kibo juu ya ukingo na husema, bila kusita, kwamba maji haya ni theluji iliyoyeyuka. Barafu ya Kibo ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na kama Chala ingeitegemea tungeshaona dalili mbaya. Mlima hunywesha nchi kwa mkanda wake wa msitu, chini sana ya barafu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na miti yenye ndevu za kuvumwani hukamata ukungu, kama ule unaokamatwa juu ya Rukanga. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeitembea Kilimanjaro kwa miongo, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto wa misitu ya juu ulikuwa umekwishafuta takriban kilomita za mraba 150 za msitu katika miongo mitatu, na kwamba hasara hiyo ya maji ni kubwa kuliko ya barafu kuyeyuka. Theluji inapigwa picha, msitu unafanya kazi. Ningependa kila mwanafunzi wa Taveta, na wa Rombo upande wa Tanzania, alijue hilo kabla hajajua urefu wa Kibo.

Tatu, tope. Hili ndilo lililoifanya Chala ijulikane na watu ambao hawatawahi kuiona.

Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi hupuliza na hewa hupoa. Maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama na kuchanganyika na yaliyo chini yake, na rutuba iliyokuwa imelala kwenye kina hupanda kwenye mwanga. Mwani mdogo sana wenye ganda la kioo, uitwao daiatomu, hufurika, kisha hufa na kunyesha polepole sakafuni ukiacha utando mweupe. Mvua zikija, kinachoanguka ni cheusi zaidi. Mweupe, mweusi, mwaka mmoja. Kusi halifiki mpaka chini kabisa, hivyo maji ya kina hayana oksijeni na hakuna mnyoo wa kuchimba tope na kulivuruga. Kila mwaka umelala juu ya mwenzake bila kuguswa.

Mwezi wa Novemba 2016 timu ya kimataifa iliyoongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent iliweka jukwaa la kuelea katikati ya Chala na kutoboa sakafu. Walitoa nguzo ya tope ya mita 215, ambayo inarudi nyuma takriban miaka 250,000, karibu na kuzaliwa kwa ziwa lenyewe. Gawa uone: mwaka mmoja haufikii milimita moja. Maisha ya mtu wa miaka 70 ni upana wa vidole vinne. Kuwapo kote kwa binadamu wa aina yetu katika Afrika Mashariki, uwindaji, moto, mifugo, kilimo, misafara, kunaweza kuwa kumeandikwa hali ya hewa yake kando ya mstari mmoja wa tope lililokuwa chini ya mtumbwi wangu.

Na linasomeka. Tope la juu, lililochimbwa miaka ya awali na kuchapishwa mwaka 2009, lilitoa historia ya mvua ya miaka 25,000, yenye vipindi vya ukame ambavyo hakuna mzee aliyevisimulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima unene wa tabaka moja moja. Miaka ya La Niña, yenye ukame na upepo mkali kwetu, huacha utando mnene, kwa maana upepo umechokoza ziwa na daiatomu wamefurika. Miaka ya El Niño huacha mwembamba. Anayekumbuka mafuriko ya 1997 na 1998, madaraja yaliyokwenda na barabara zilizokatika, ajue kwamba tabaka la majira yale limelala pale, jembamba, juu ya mengine mengi ya aina yake.

Fiodi nazo hutunza kumbukumbu namna hii, na ndiyo sababu kulinganisha kwangu si kwa kuta pekee. Mdomoni mwa fiodi mara nyingi kuna kizingiti kinachozuia maji ya bahari kuingia hadi chini, na kina hukosa hewa. Framvaren, kusini mwa Norway, iko hivyo. Saanich, kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, iko hivyo pia, na mwaka 1996 meli ya utafiti ilitoboa sakafu yake kwa ajili ya tabaka za mwaka kama hizi za Chala. Kuta huzuia upepo, upepo usipofika chini maji hayageuki, na yasipogeuka tope halivurugwi. Uzuri unaomvuta mtalii na kumbukumbu inayomvuta mtafiti vina mama mmoja.

Kuna wakazi wa ziwa ambao ni wa hapa tu. Samaki mmoja wa jamii ya tilapia, Oreochromis hunteri, hapatikani penginepo duniani, na leo yuko hatarini kabisa kwa sababu tilapia wengine wameletwa na watu wakamwingilia chakula na mazalio. Wavuvi wanawatofautisha kwa jicho.

Anayeogopa kuta au mamba anaweza kwenda Ziwa Jipe, kusini ya Taveta, chini ya milima ya Upare. Jipe ni kinyume cha Chala kwa kila kitu: pana, kina kisichofika mita tatu, limejaa mafunjo, viboko na ndege, na linalishwa mchana kweupe na Mto Lumi unaotoka Kilimanjaro. Nalipenda. Lakini kule unaona ndege, na huku unaona wakati.

Mipango ya kusukuma maji ya Chala kwa ajili ya mashamba na mabomba imezungumzwa kwa miaka mingi, pande zote mbili za mpaka, na nawaelewa wanaoitaka. Nimeona madumu ya njano yakipanga foleni katika kaunti hii. Ila hesabu ni rahisi na haikubali kusukumwa. Mita moja ya maji katika ziwa lile ni takriban mita za ujazo milioni 4.2. Yeyote atakayechukua kiasi hicho kila mwaka juu ya kile ambacho mlima unarudisha, atalishusha ziwa kwa mita moja kila mwaka. Maji yakishuka, upepo hufika karibu zaidi na sakafu, mchanganyiko hufika palipokuwa hapafikiwi, na mazalio ya samaki yaliyo pembeni hubaki nchi kavu. Kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa, panatakiwa kipimo cha kina kinachosomwa kila siku na ofisi za Taveta na za Rombo kwa pamoja, na takwimu zibandikwe hadharani, sokoni, ambako wakulima wa ndizi na nyanya wanaweza kuzisoma wenyewe.